Mpe Mgeni Jembe

Katika nchi ya juu ya Kigoma, toka Kasulu hata Kibondo, mtu akitaka kujenga nyumba haanzi kwa kununua rangi ya kupaka ukutani. Kwanza huutazama uwanja. Hufikiri maji ya mvua yatapita wapi, mlango utaelekea upande gani, na jiko litakaa wapi ili moshi usiwasumbue waliolala. Akisha kuyapima hayo yote, ndipo huchimba msingi. Siku ya kazi majirani huja kumsaidia, huyu na jembe, huyu na kamba, huyu na ndoo ya maji. Lakini mwenye nyumba akiwa hakuipanga kazi, majirani hao husimama uani mikono mitupu, na jua likipanda hurudi makwao mmoja mmoja. Siku nyingine akiwaita, hawaji.

Somo letu la leo ni juu ya nyumba ya namna nyingine, isiyo na matofali wala nyasi, ila desturi yake ni ile ile. Nyumba hiyo ni tovuti ya watu wanaotengeneza programu ya kompyuta kwa kujitolea. Kwanza tutajifunza maana ya kazi hiyo. Kisha tutawatazama watu walioifanya katika Kenya na Tanzania. Na mwisho tutaona namna ya kuipanga tovuti yenyewe, hatua kwa hatua.

1. Programu huria ni nini?

Kompyuta haina akili yake yenyewe, wala simu haina. Hufanya kazi kwa kufuata amri zilizoandikwa na watu, na jumla ya amri hizo huitwa programu. Maandishi yenyewe ya amri huitwa msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao, kama fundi wa mizinga afanyaye kazi katika chumba kilichofungwa ili mwingine asiige. Lakini wako watu wengine ambao huuweka msimbo wao wazi, na kila atakaye aweza kuusoma, kuutumia, kuusahihisha na kumpa jirani yake. Programu ya namna hiyo huitwa programu huria.

Mwaka 1991 kijana mmoja wa Finland, jina lake Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliandika kiini cha programu ya kuendeshea kompyuta, akawatangazia wengine kwa njia ya intaneti. Watu wa nchi nyingi wakaanza kumletea masahihisho. Kazi hiyo ikaitwa Linux, na leo kiini hicho kimo ndani ya kompyuta nyingi sana zinazohifadhi tovuti, tena kimo ndani ya simu za Android. Hata kwetu Tanzania kazi ya namna hii imefanyika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kupangia hesabu, ambayo mtumiaji wake huyasoma maelekezo kwa Kiswahili.

Kazi hizi zafanana na ujima wa shamba, ila kuna tofauti moja kubwa. Katika ujima wa shamba watu huonana uso kwa uso. Katika ujima wa programu mmoja yuko Kibondo, mwingine Mombasa, na mwingine Ulaya, na pengine hawataonana maisha yao yote. Mahali pao pa kukutania ni tovuti, yaani kurasa zilizowekwa katika kompyuta inayowaka usiku na mchana, ambazo mtu yeyote mwenye intaneti aweza kuzifungua. Basi tovuti ikipangwa vibaya, hao wenye kujitolea huwa kama wale majirani waliosimama uani. Hapana anayewalipa, wala hapana anayewalazimisha. Wakikosa kuonyeshwa kazi, huenda zao kimya, na mwenye kazi hajui hata kwamba walifika.

2. Kisa cha Ushahidi

Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipiga kura. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, fujo zilizuka mahali pengi. Watu zaidi ya elfu moja waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Serikali ikakataza habari kutangazwa moja kwa moja katika redio na televisheni. Watu wengi wakawa hawajui njia ipi ni salama wala mtaa upi unaungua.

Mwanzoni mwa Januari 2008 mwanasheria Mkenya, Ory Okolloh, ambaye alikuwa na desturi ya kuandika habari katika intaneti, alitoa shauri. Aliuliza kama wako mafundi wa kompyuta wawezao kutengeneza ramani ya kuonyesha mambo hayo yanatendeka wapi. Wakajitokeza Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao. Kobia, aliyeandika msimbo, alikuwa akikaa Marekani. Kwa muda wa siku chache tu wakaisimamisha tovuti, wakaiita Ushahidi.

Tazama sasa jinsi walivyoipanga. Mgeni aliyeifungua aliona ramani ya Kenya, na juu yake alama za mahali palipotokea jambo. Mtu aliyekuwa na habari aliweza kuipeleka kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa kuiandika katika ukurasa, akaeleza jambo gani limetokea, wapi, na lini. Waliojitolea walizipokea habari, wakajaribu kuzilinganisha na habari nyingine, kisha wakaziweka katika ramani. Hawakuwa na nafasi ya kupamba. Lakini walijua barabara mgeni wao ni nani. Alikuwa mtu mwenye hofu, mwenye simu ndogo mkononi, anayetaka kujua jambo au kusema jambo, tena upesi. Kwa kuwa walimjua mgeni huyo, walijua mlango uwe wapi.

Baadaye programu ile iliandikwa upya ili watu wengine waweze kuitumia mahali pengine, na msimbo wake ukawekwa wazi. Basi tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la ardhi lilipoipiga nchi ya Haiti, watu waliojitolea huko Marekani walifungua ramani kwa programu ile ile iliyozaliwa Kenya. Watu wa Haiti walipeleka ujumbe kwa namba fupi 4636, wakaeleza nani amefukiwa na wapi pana haja ya maji. Lakini ujumbe mwingi uliandikwa kwa Kikreoli, lugha ya Haiti, na waokoaji wengi waliotoka nje hawakuijua. Ndipo Wahaiti waliokaa nchi za mbali wakajitolea kuufasiri. Fikirini, wanafunzi: kama pasingalikuwa na mahali pa kuwaonyesha Wahaiti hao kazi yao, msaada wao ungalipotea bure, na ujumbe wa wenye shida ungalibaki bila kusomwa.

3. Ramani ya watu wote

Kisa cha pili chatuhusu sisi wenyewe zaidi. Mwaka 2015 watu wengi walikimbia kutoka Burundi wakaingia mkoa wa Kigoma. Kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikafurika. Na mwezi wa Oktoba kambi ya Nduta katika wilaya ya Kibondo, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa tena. Kwa majuma machache mahali palipokuwa na miti pakawa na makao ya maelfu. Ramani iliyochapishwa mwaka uliotangulia haiwezi kumwambia mwuguzi hema la mgonjwa liko wapi, wala kumwambia dereva wa gari la maji njia mpya yapita wapi. Mambo ya namna hii yataka ramani iwezayo kusahihishwa kila siku, tena na watu wengi.

Ramani hiyo ipo. Huitwa OpenStreetMap, nayo ilianzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004. Mtu yeyote aweza kuongeza njia, shule au kisima, kama vile kila mtu awezavyo kuleta tofali lake. Mwaka 2015 ilianzishwa kazi iitwayo Crowd2Map Tanzania, ili vijiji visivyoonekana katika ramani vipate kuonekana. Katika mkoa wa Mara wasichana waliokimbia kukeketwa walihitaji kufikiwa upesi, na waliokwenda kuwachukua hawakuwa na ramani ya vijiji vyao. Mwaka huo huo, katika Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo na watu wa mitaa walianza kuchora ramani za mitaa inayoingiwa na mafuriko, na kazi hiyo ikaitwa Ramani Huria.

Sasa angalieni namna mgeni anavyopokelewa katika kazi hii. Nchi inayotakiwa kuchorwa hukatwa katika viraba vidogo, kama shamba lililogawanywa kwa ngwe. Mgeni hufungua tovuti, huchagua kiraba kimoja, huona picha iliyopigwa kutoka angani, naye huchora nyumba na njia azionazo. Akimaliza husema, “Nimemaliza,” na mtu mwenye ujuzi zaidi hukikagua kiraba chake. Baadaye watu wa mahali penyewe huongeza majina, maana picha ya angani haijui jina la kijiji wala jina la chemchemi. Mgeni hapewi shamba zima. Hupewa ngwe moja aliyopimiwa, ambayo aweza kuimaliza jioni moja. Kwa hiyo hakati tamaa, na kesho hurudi kuomba nyingine.

4. Namna ya kuipanga tovuti

Tuseme kwamba vijana wa Nduta wanataka kutengeneza programu huria ya kuandika habari za visima na chemchemi: kipi kina maji, kipi pampu yake imevunjika, kipi hukauka wakati wa kiangazi. Programu wameianza, na sasa wataka tovuti ili wengine wawasaidie. Wafanye nini?

Hatua ya kwanza ni kuuliza, “Ni nani atakayekuja?” Wachukue karatasi, wala wasiiguse kompyuta bado. Wataona kwamba wageni ni wa namna tatu. Wa kwanza ni mtumiaji, kama mwenyekiti wa kamati ya maji. Huyu ataka kuipata programu na kujua namna ya kuitumia. Wa pili ni msaidizi, aliye tayari kuandika msimbo, kufasiri maneno au kuchora picha. Huyu ataka kujua aanzie wapi. Wa tatu ni mwulizaji, kama ofisa wa wilaya au mwalimu. Huyu ataka kujua kazi hii ni ya nani na kama yaaminika. Chini ya kila jina waandike swali lake la kwanza. Maswali hayo matatu ndiyo msingi wa nyumba.

Hatua ya pili ni kuandika sentensi moja ya mlangoni. Isomwe hivi: “Hii ni programu ya bure ya kuandika hali ya visima vya kijiji, hutumika katika simu, hata pasipo intaneti.” Mtu akisha kuisoma sentensi hiyo ajue kama amefika kwake au amepotea njia. Watu wengi huanza ukurasa wa kwanza kwa historia ndefu ya chama chao na majina ya viongozi. Hiyo ni sawa na kumkaribisha mgeni mwenye kiu kwa kumhesabia babu zako.

Hatua ya tatu ni kugawanya vyumba, yaani kurasa. Kwa kazi changa vyumba vitano vyatosha: ukurasa wa mlangoni, ukurasa wa kuipata programu, maelezo ya kuitumia, ukurasa wa wasaidizi, na ukurasa wa kueleza kazi ni ya nani na leseni yake ni ipi. Chumba kisicho na kitu ndani kisijengwe. Ukurasa wa habari ambao habari yake ya mwisho ina umri wa miaka mitatu humwambia mgeni kwamba wenye nyumba wamehama.

Ukurasa wa wasaidizi ndio utakao uangalifu mwingi, kwa kuwa hapo ndipo ngwe hupimwa. Kuandika “Twahitaji msaada” hakutoshi. Yafaa kuandika kazi yenyewe na kiasi chake, mathalani hivi: “Maneno 40 ya programu hayajafasiriwa kwa Kirundi, kazi ya saa moja.” Au, “Jaribu programu katika simu ya zamani, utuandikie ulichokiona.” Kazi nyepesi ziwekwe kwanza, ngumu zifuate. Tena msaidizi aambiwe ni nani atakayemjibu, na kwa muda gani.

Leseni ni nini? Ni maandishi yanayotoa ruhusa. Kwa sheria, kazi ya mtu ni mali yake hata akiiweka mahali pa wazi. Mwingine hana ruhusa ya kuigeuza asipopewa. Kwa hiyo programu isiyo na leseni si huria kamili, hata kama mwenyewe ana moyo mwema. Leseni iitwayo GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman wa Marekani, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1989, na Linux hutumia leseni hiyo. Vijana wetu wachague leseni moja inayojulikana, wasijitungie yao.

Hatua ya nne ni kupima uzito wa kurasa. Tufanye hesabu. Picha kubwa nzuri yaweza kuwa na megabaiti 2, nayo ni kilobiti 16,000. Mtandao ukiwa hafifu, ukapitisha kilobiti 200 kwa nukta moja, picha hiyo itachukua nukta 80 kufika. Nani atangoja hivyo, huku fedha yake ya intaneti inaliwa? Lakini ukurasa wa maneno na picha ndogo, wenye kilobaiti 100, ni kilobiti 800 tu, na utafika kwa nukta 4. Watu wa mji mkubwa husahau hesabu hii. Mtu wa mlimani asiisahau, maana ndiye aumiaye.

Hatua ya tano ni kuamua lugha. Kisa cha Haiti kimetufundisha. Vijana wa Nduta waandike Kiswahili kwanza, kisha Kirundi au Kiha kwa ajili ya watumiaji wengine, na Kiingereza kwa ajili ya wasaidizi wa mbali. Lakini wasifungue lugha wasiyoweza kuitunza.

Hatua ya sita ni kuamua yasiyofaa kuonyeshwa. Nyumba nzuri ina sebule, tena ina chumba cha ndani. Mahali pa kisima na paonyeshwe. Lakini jina la mtu aliyetoa habari, namba yake ya simu na mahali anapolala visionyeshwe. Tukumbuke Kenya ya mwaka 2008: aliyetoa habari ya uovu angaliweza kuandamwa na waliotenda uovu huo. Na mtu aliyekimbia nchi yake huenda ana sababu ya kutotaka kuonekana. Jambo lililokwisha kuwekwa katika intaneti ni kama pumba zilizopeperushwa. Kuziokota zote haiwezekani. Basi yaamuliwe kabla ya kujenga.

Hatua ya saba ni kuzitunza funguo. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na mwaka mmoja likisahauliwa, mtu mwingine aweza kulichukua. Maneno ya siri ya kufungulia tovuti yasikae kwa mtu mmoja. Mtu huyo akiugua au akisafiri, kazi yote hufungwa naye. Watu wawili au watatu wawe nayo, na nakala ya kurasa zote iwekwe mahali pengine.

Hatua ya mwisho ni kujaribu. Mwite jirani asiyepata kuisikia kazi hiyo, umpe simu ndogo, umwambie, “Ndugu, tafadhali tafuta kazi moja uwezayo kutusaidia.” Kisha keti kimya. Usimwonyeshe kwa kidole. Akipotea, kosa si lake. Ni la ukurasa. Andika mahali alipokwama, urekebishe, kisha mwite mwingine. Majirani watano wa namna hiyo watakufundisha mengi kuliko mwezi mzima wa kubishana juu ya rangi.

5. Neno la mwisho

Wazee wetu walisema, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Katika ujima wa intaneti siku tatu ni nyingi mno. Mgeni hukaa dakika mbili, akaondoka. Kwa hiyo jembe liwe mlangoni, mpini wake umemwelekea, na ngwe yake imekwisha kupimwa. Anayetoa saa yake bila malipo amekupa kitu kisichorudishwa. Heshima ya kwanza apasayo kupewa ni kutomfanya aitafute kazi.

Maswali

1. Programu huria yatofautianaje na programu ambayo msimbo wake umefichwa?
2. Watu waliotengeneza tovuti ya Ushahidi walimjuaje mgeni wao, na kumjua huko kuliwasaidia nini?
3. Kwa nini nchi inayochorwa katika ramani hukatwa katika viraba?
4. Ukurasa wenye kilobaiti 500 utachukua nukta ngapi kufika, ikiwa mtandao hupitisha kilobiti 200 kwa nukta moja? (Kilobaiti 1 ni kilobiti 8.)
5. Fikiri kazi moja ya kijiji chako ifaayo kufanywa kwa ujima. Andika sentensi yake ya mlangoni, na ngwe tatu za kuwapa wageni.